Posa Siku ya Mechi

Mwenye binti na asogee karibu, na binti naye asiende mbali, maana jambo hili liliwahusu wote wawili.

Saa nne ya asubuhi ilifika na wageni hawajaonekana. Mama yake Ghati alifunika sufuria ya pilau, akaweka sahani juu ya bakuli la kachumbari, akavuta kiti hadi dirishani, akakaa. Mtu asiyemjua angesema ametulia. Ghati alikuwa amekaa naye nyumba moja miaka ishirini na sita, akajua kwamba mama akitulia hivyo kuna jambo anasubiri litokee.

"Wamechelewa," Ghati alisema.

"Nimeona."

"Labda ni njia."

"Labda."

Jikoni, jirani yao Awino alikuwa akikata limau. Awino alikuwa muuguzi, Mjaluo wa Kisumu, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakwenda kulala, kwa sababu alisema posa ya mtoto wa jirani mtu haikosi hata akiwa na homa.

"Kwani hao watu wanatokea wapi?" aliuliza.

"Sterling, kule Virginia," Ghati alisema.

"Basi watashukia College Park, penye chuo. Ai, watajua hawajui. Mimi nimepita huko saa moja, polisi washaanza kupanga koni. Si leo ndiyo ile siku wale waliomaliza chuo wanarudi kutazama mechi? Hata wazee wa miaka themanini wamevaa nyekundu. Lakini mliwaambia, ama?"

Mama Ghati hakugeuza shingo. "Mtu anayekuja kuoa huuliza njia."

Awino alitazama limau, akamtazama Ghati, akarudi kwenye limau lake.

Huyo aliyekuwa anakuja kuoa aliitwa Elisante. Kwao ni Machame, na hapa Marekani alifanya kazi Sterling, kwenye yale majengo yasiyo na madirisha ambamo kompyuta zinakaa kwenye baridi nzuri kuliko binadamu. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku amemtazama mdomo, kama kiziwi anayeogopa kukosa neno. Ghati alipenda kutazamwa vile. Wakati mwingine aliongea maneno ya ovyo makusudi ili atazamwe zaidi.

Walikutana kiangazi cha mwaka juzi. Elisante alikuja chuoni kwa kozi ya miezi mitatu, akapewa chumba katika bweni ambalo mama yake Ghati alikuwa msafishaji. Siku moja mama anasukuma ndoo yake kwenye korido, akasikia nyuma yake, "Shikamoo, mama." Akageuka. Miaka kumi na saba ya kusafisha mabweni, na hiyo ilikuwa shikamoo yake ya kwanza humo ndani. Jioni alirudi nyumbani Riverdale Park akamwambia bintiye: kuna kijana wa nyumbani pale, anakula mikate mikavu, mpelekee chakula. Ghati akapeleka. Kesho yake akapeleka tena bila kutumwa. Chakula kilikwenda katika sufuria ya mama, ile yenye mfuniko uliobonyea upande mmoja, na moyo wa Ghati ulikwenda humohumo.

Kozi ikaisha mwezi wa nane. Elisante akapata kazi Sterling, akahama. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada aliendesha gari kuja kumwona. Jumamosi zote alikuwa kazini. Kwa hiyo, na hili lishikwe vizuri, mji ule Elisante aliujua wakati wa kiangazi, wanafunzi wakiwa makwao, na aliujua Jumapili. Hakuwahi kuuona Jumamosi ya mwezi wa kumi.

Mwezi wa tisa, mwaka huu, walikaa kwenye benchi la stesheni ya Riverdale Park wakila mahindi ya kuchoma ambayo Ghati aliyafunga kwenye karatasi. Elisante alikuwa amevaa fulana ya timu ya Washington ya mpira wa Kimarekani, ile ya wachezaji wa kulipwa. Ghati, kwa utani tu, alimwambia mtu akija mji wa chuo avae rangi ya chuo.

"Huu si mji wa chuo," Elisante alisema.

"Chuo hicho hapo, maili mbili. Mama yangu anakifagia miaka kumi na tisa sasa."

"Chuo kuwepo siyo hoja, Ghati. Mji wa chuo ni ule ambao timu ya chuo ikicheza hata muuza mboga anajua. Hata harusi hazipangwi siku hiyo. Sasa hapa kwetu nani anajua? Ukivuka mto tu ukaingia Virginia, muulize mtu chuo chenu kinacheza na nani. Atakuuliza, chuo gani? Washington ni mji wa timu ya kulipwa. Mechi ni Jumapili, basi."

"Timu ya kulipwa wachezaji wanauzwa. Leo wenu, kesho wa Dallas."

"Wachezaji wanakwenda, watu wanabaki. Kwenu kila mtu anakwenda. Miaka minne ikipita, mji mzima wageni." Alicheka, akamfuta punje ya hindi kidevuni. "Mjomba wangu Fidelis ameishia darasa la saba. Chuo hajawahi kukikanyaga. Lakini timu ikifungwa, hali chakula. Ile ni timu ya kila aliyehamia. Ya chuo ni ya waliolipa ada."

"Mama hajalipa ada, na anasema chuo chetu."

"Anasema tu," Elisante alisema.

Treni ilipita wakanyamaza hadi ikaisha. Elisante alisahau maneno yale kabla treni haijafika kituo cha pili. Ghati hakuyasahau. Neno "tu" lilimchoma. Alimfikiria mama yake na magoti yake, na ngazi za bweni, na ile kofia nyekundu ya chuo aliyopewa na wanafunzi akaitundika sebuleni juu ya picha ya marehemu baba. Angeweza kumwambia palepale, Eli, umenikosea. Hakumwambia. Alimpa kipande cha pili cha hindi.

Wiki mbili baadaye Elisante alisema yuko tayari, mshenga atakuwa Mjomba Fidelis, na barua ya posa iletwe siku ya Jumamosi, maana Jumapili mjomba anasimama langoni kwenye uwanja wa timu ya Washington, anakagua tiketi na kuonyesha watu viti, na siku ya mechi haombi ruhusa hata kwa msiba. Jumamosi, alisema, hakuna mechi. Yeye ataomba ruhusa kazini, mama apange ipi.

Mama Ghati alisimama mbele ya kalenda ya friji. Ile kalenda ilikuwa na mambo yote ya nyumba. Siku za mechi za chuo ziliandikwa humo kwa mkono wa Ghati, kwa sababu Ghati alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee upande wa pili wa chuo, na siku ya mechi asipobadilisha njia hafiki. Mama aliweka kidole juu ya Jumamosi moja.

"Wape hii."

"Mama, hiyo ndiyo ile siku ya..."

"Najua kusoma."

"Hawatafika."

"Akitaka atafika." Mama aliketi, akaanza kuchagua mchele, ingawa mchele wa pakiti hauna mawe. "Ghati, mimi naijua ile kazi. Kila mwaka wakifunga chuo, mimi ndiye naingia vyumbani. Wanaacha taa nzima, magodoro mazima. Wanaacha picha za wachumba zao ukutani, mwanangu, mtu anacheka kwenye picha na mimi namtia kwenye mfuko wa taka. Na wa kwako unajua aliacha nini? Sufuria yangu. Niliikuta kwenye lundo, nikaijua kwa mfuniko wake."

Ghati alishtuka. "Hukuniambia."

"Ningekwambia ungeniamini? Sasa sikiliza. Waliopita hapa hurudi mara moja kwa mwaka, siku hiyo. Wanapiga picha na ile sanamu ya kobe wa shaba pale chuoni, wanasugua pua yake kutafuta bahati, wanakwenda zao. Kama huyu naye ni wa kurudi namna hiyo, nataka kujua kabla sijampa mtoto. Na wewe usimwambie kitu."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kunyamaza ni nini. Ghati angeweza kubisha, maana hakuwa mtoto. Lakini moyoni, chini kabisa, kulikuwa na ile "tu" ya kwenye benchi. Akajisemea: hata harusi hazipangwi siku hiyo, si ndivyo alivyosema? Aje aone kama muuza mboga anajua.

Basi hivyo ndivyo ilivyopangwa saa nne, na mama akaongeza sharti lake, kwamba kwao Tarime babu yake hakupokea posa jua likishapita utosini. Posa ikipokelewa jua likipinduka, ndoa nayo itapinduka. Elisante akasema hakuna shida, watafika hata saa tatu na nusu.

Simu ililia saa nne na robo. Ghati aliipokea koridoni.

"Mpenzi, tumesimama," Elisante alisema. Nyuma yake zilisikika honi na ngoma. "Tumetoka barabara kubwa, tumeingia Route One, gari haziendi. Hapa kuna nini? Watu wote wamevaa nyekundu, mjomba anadhani ni sikukuu ya mashahidi wa dini."

Sauti ya pili ilidakia, nzito, ya mtu mzima. "Mwambie mkwe tumeona hadi mbwa kavaa jezi."

"Umemsikia? Sikiliza, nyuma bado kuna nafasi, naweza kugeuza nirudi barabara kubwa. Kuna njia nyingine ya kufika kwenu?"

Ilikuwapo. Unarudi barabara kubwa hadi njia ya kutokea inayofuata, unashuka na barabara ya Kenilworth, unaingia Riverdale Park kwa mashariki, dakika kumi na mbili. Ghati aliipita kila siku ya mechi. Neno lilimjia mdomoni kama lilivyo, tayari. Akageuka, akaona mama yake dirishani ameacha kutazama nje, anamtazama yeye.

"Njooni tu," Ghati alisema. "Itafunguka."

"Una uhakika?"

"Njooni tu, Eli."

"Sawa. Wewe ndiye mwenyeji." Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake ufunguo amshikie.

Alikata simu. Alirudi sebuleni akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Saa tano Elisante alipiga tena, wamesogea kama hatua mia. Saa tano na nusu alipiga, na safari hii hakusema mpenzi. "Mjomba ameshuka. Amechukua barua anakuja kwa miguu. Nimemkataza hakusikia, anasema jua halimngoji mtu. Ana goti bovu, Ghati, na simu yake ameiacha kwenye chaji humu garini."

Ghati alikwenda kwa mama yake, akasimama. "Mama, Mzee anatembea."

"Nani?"

"Mjomba wake. Ameshuka kwenye gari, anakuja kwa miguu kutoka kule."

Mama Ghati aliinuka kitini. Hilo hakuwa amelipiga hesabu. Alikuwa amemtega kijana, na mtego umemnasa mzee. "Ana umri gani?"

"Sitini na nane."

Awino aliweka kisu chini. "Mama Ghati, mimi naenda kumtafuta na gari."

"Utapita wapi?" Mama Ghati aliuliza, na Awino akabaki na funguo mkononi, kwa sababu kweli, apite wapi.

Saa sita ilipiga. Upande wa chuo ulisikika mzinga mmoja, wa kuanza mechi, na ndege wakaruka kwenye waya za umeme. Jua likasimama utosini, likapita.

Ilikuwa saa saba kasoro robo mlango ulipogongwa, mara tatu, kwa adabu. Mzee Fidelis alikuwa amesimama kibarazani na suti ya kahawia, suruali imejaa vumbi hadi magotini, na shingoni ametundikwa shanga nyekundu za plastiki. Mkononi alishika bahasha kubwa nyeupe iliyofungwa utepe. Kona moja ya bahasha ilikuwa imelowa soda.

"Hodi wenyewe," alisema. "Mnisamehe kwa mapambo. Vijana walinivalisha nikashindwa kuwakatalia. Nimekuja na ile njia ya waenda kwa miguu, ya reli ya zamani. Binti mmoja kajipaka rangi uso mzima alisoma anwani kwenye bahasha, akanishika mkono kama babu yake hadi hapo kwenye kona."

"Karibu, Mzee. Shikamoo," Ghati alisema, akampisha mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe. Elisante ana macho basi." Akamgeukia mama. "Mama Ghati, najua jua limepita. Sheria yako niliambiwa. Nimekuja kuomba radhi kwanza, barua baadaye."

Mama Ghati alimtazama usoni, akatazama vile viatu. Kiatu kimoja kilikuwa kimefunguka soli. Miaka kumi na tisa alikuwa ameona watu wakiondoka. Huyu alikuwa amefika, tena kwa miguu, kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Awino alisogea karibu akamnong'oneza, "Hata mechi ikinyeshewa inachezwa kesho yake, mama."

"Jua nimelisamehe," Mama Ghati alisema. Ghati hakuwa amewahi kumsikia mama yake akiongea kwa sauti laini namna ile na mgeni. "Kaa, Mzee. Nawa, ule, halafu tuzungumze mambo ya watoto."

Gari lilisimama nje, na Elisante akaingia mbio bila kubisha. Alikuwa amezunguka kila mtaa akimtafuta mjomba. Barabara zilikuwa zimefunguka mara tu mechi ilipoanza. Shati lake jeupe lilikuwa limeshika mgongoni kwa jasho, tai ameilegeza, na alipomwona mjomba amekaa kwenye kochi alishusha pumzi, akacheka peke yake. Halafu akamtafuta Ghati kwa macho.

Ghati alisimama kwenye mlango wa jikoni. Walitazamana juu ya vichwa vya wazee. Elisante alimtazama kwa ile desturi yake, mdomoni, akingoja aseme kitu. Ghati aliona yote kwa mara moja, nyumba yao, meza yao, huyu mtu akirudi kazini na baridi ya kompyuta kwenye mikono. Yote yalikuwa yamepatikana. Mtego ulikuwa umeteguka wenyewe na hakuna aliyeumia, isipokuwa kiatu.

"Shikamoo, mama," Elisante alisema.

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani."

Mzee Fidelis aliinuka. "Niruhusuni ninawe, mkono wote ni soda." Awino alimwonyesha jikoni.

Sinki lilikuwa kando ya friji.

Maji yalisikika yakimwagika, yakafungwa. Mzee hakutoka. Mtu aliyefanya kazi ya kukagua tiketi miaka kumi na minne husoma kila karatasi iliyo mbele ya macho yake. Husoma lango, safu, kiti na tarehe. Alikuwa amevaa miwani.

"Binti," aliita, bila ukali. "Hebu njoo unisaidie. Huu ni mwandiko wa nani?"

Ghati aliingia jikoni. Elisante alimfuata. Mzee alikuwa ameweka kidole juu ya kalenda, na akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea wageni waliopotea. "Jumamosi ya leo. Mechi kubwa. Pita Kenilworth." Kidole kikashuka. "Chini yake, kalamu nyingine. Posa, saa nne."

Kidole kikapanda mstari mmoja.

"Jumamosi iliyopita, hapa, hamna kitu. Inayokuja hamna kitu." Alivua miwani. "Mkatupa hii."

"Ulijua?" Elisante aliuliza.

"Nilijua," Ghati alisema.

"Nilikuuliza kama kuna njia nyingine."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia njooni tu."

Ghati alitafuta pa kushika. "Na wewe sufuria ya mama uliitupa," alisema, na hata yeye alisikia jinsi neno lile lilivyokuwa dogo.

"Sufuria gani?"

"Hiyo iliyopikiwa pilau lako," Mama Ghati alisema kutoka mlangoni. "Niliiokota kwenye taka za bweni mwezi wa nane, mwaka juzi."

Elisante aliitazama juu ya jiko, na mfuniko wake. Ikamchukua muda. "Nilimwachia Kibet, tuliyekaa naye chumba kimoja. Yeye alibaki wiki moja zaidi. Nilimwambia mama wa usafi ndiye mwenye sufuria, ampe mkononi." Akamgeukia mama. "Miaka miwili nakula kwako kila Jumapili, mama. Hukuniuliza hata siku moja?"

Mama Ghati alisogea hadi kwenye jiko, akauweka sawa ule mfuniko. Alikuwa mwoga wa kumpoteza mtoto, wala si mtu mbaya, lakini woga ukikaa sana ndani ya mtu hujifanya akili.

"Yale uliyosema siku ile," Ghati alisema kwa haraka, "kwamba mama anasema tu. Kwamba hapa hakuna anayejua mechi. Nilitaka uone."

"Nimeona," Elisante alisema. "Nilikosea, ni mji wa chuo. Ungeniambia siku ileile, Ghati, ningekubali palepale, tukaendelea kula mahindi."

Mzee Fidelis alirudi sebuleni, akachukua bahasha aliyoiacha juu ya meza, akaikunguta.

"Mzee, nimesema nimesamehe," Mama Ghati alisema.

"Nimesikia, na nashukuru. Goti langu ndilo bado." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Mama Ghati, mimi kazi yangu ni langoni. Mtu akija na tiketi ya lango la pili, na mimi niko la tisa, simwachi azunguke uwanja mzima ndipo nijue kama anaipenda timu. Namwambia, mzee, lango lako lile pale. Hata akiwa amevaa jezi ya adui zetu namwambia. Sasa sisi tulikuja kwenu kama ndugu, tukauliza lango." Aliiweka bahasha ndani ya koti. "Barua haijapokelewa, kwa hiyo bado ni yangu. Nitaondoka nayo."

"Kula basi kwanza," Awino alisema. "Mzee wangu, kula hata kidogo."

"Siku nyingine, muuguzi. Asante."

Elisante alibaki nyuma kidogo. Alisimama mbele ya Ghati karibu kiasi kwamba Ghati alisikia harufu ya jasho na sabuni, ile harufu ya Jumapili zake zote. Alidhani atamshika mkono. Elisante alimtazama machoni, wala hakumtazama mdomo kama kawaida yake. Ghati akaelewa kwamba hasubiri tena kusikia neno.

"Eli, nilikosea."

"Najua. Na mimi nakupenda, tusidanganyane." Aliongea taratibu, kama anayesoma maelekezo. "Lakini kutakuja siku nitakuuliza jambo kubwa kuliko njia. Utaniambia njooni tu, na mimi nitakuja."

Akatoka.

Ghati aliwafuata hadi kibarazani, bila viatu. Mzee Fidelis alikuwa ameshakaa garini, anazitoa zile shanga shingoni kwa uangalifu zisikatike. Elisante aliwasha gari. Ghati alishuka ngazi, akafika dirishani, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, lililotoka ni lile moja lililomkaa mdomoni tangu saa nne na robo.

"Pita Kenilworth," alisema.

Elisante alitazama mbele. "Hakuna haja sasa. Watu wote wako uwanjani."

Gari likaondoka, likapinda kona. Upande wa chuo maelfu ya watu walishangilia kwa pamoja, kisha kukawa kimya. Ghati alisimama katikati ya lami. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, hadi kule zilipo taa, na taa zote zilikuwa za kijani.